Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Utamaduni na Fedha katika Nchi za Karibi: Msanii Alipwe Muda Wake wa Kazi

Kwa:
Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya utamaduni katika nchi wanachama wa CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibi;
Rais na Bodi ya Wakurugenzi ya Benki ya Maendeleo ya Karibi, Bridgetown, Barbados;
Uongozi wa Afreximbank (benki ya Afrika inayogharamia biashara ya nje), Ofisi ya Karibi, Bridgetown.

Yah: Ruzuku kwa wachoraji, wachongaji na wasanii wenzao wa sanaa za kisasa

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Dar es Salaam, nikiwa mwandishi wa masuala ya sanaa ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiitwa kwenye kamati za kusoma maandiko ya wasanii wanaoomba ruzuku, yakiwamo ya wasanii wa Karibi. Mtu ana haki ya kuuliza mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki ana lipi la kusema kuhusu visiwa vilivyo mbali kiasi hicho. Jibu langu ni kwamba fedha zinazotafutwa na wasanii wenu na wetu zinazidi kutoka mahali pamoja. Umoja wa Ulaya ulipoanzisha programu ya utamaduni kwa nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, sehemu ya Afrika Mashariki ilisimamiwa na HEVA, mfuko wa sekta za ubunifu wa Nairobi, na sehemu yenu ikasimamiwa na UNESCO kwa jina la Creative Caribbean, kwa bajeti ya euro milioni 3. Septemba 2021 Kenya ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa wakuu wa nchi za Afrika na CARICOM. Agosti 2023 Afreximbank, ambayo serikali za Afrika Mashariki zina hisa ndani yake, ilifungua ofisi Bridgetown. Kwa hiyo naandika kwa Kiswahili bila kuomba radhi, maana wasomaji wangu nao wana sehemu yao katika jambo hili.

Jambo lenyewe ni moja. Fedha zinazowafikia wachoraji na wachongaji wa Karibi, chache kama zilivyo, hulipia karibu kila kitu kinachoizunguka kazi ya sanaa, lakini hazimlipi msanii muda anaoutumia kuifanya. Naomba mlibadilishe hilo, na naamini mnao uwezo wa kulibadilisha.

Niwape mfano niliousoma kwa macho yangu. Mchoraji mmoja kutoka kisiwa kidogo cha mashariki mwa Karibi aliomba fedha za kutengeneza michoro mikubwa ya mkaa itakayotosha kujaza ukumbi mmoja. Bajeti yake ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kubana matumizi: karatasi nzito za kuagizwa kutoka nje na ushuru wake wa forodha, mbao za fremu, fundi wa kuzipiga, gari la kubebea michoro, mpiga picha, mchapaji wa katalogi, kodi ya ukumbi, hata maji na vinywaji vya wageni siku ya ufunguzi. Fundi alipangiwa ujira, dereva alipangiwa ujira, mpiga picha na mchapaji vilevile. Mstari wa mwisho uliandikwa “malipo ya msanii”, na mbele yake palikuwa na sifuri. Hakusahau kuujaza. Masharti ya mfuko ule, ambao sitautaja, hayakumruhusu mwombaji kujilipa mwenyewe. Katika maelezo yake alisema kwamba hufundisha shule ya sekondari mchana, hurudi nyumbani kuangalia familia, na huanza kuchora saa tatu usiku. Tulimpa ruzuku. Sina hakika kwamba tulimsaidia, kwa kuwa tulimwongezea kazi ya kusimamia watu wanne wanaolipwa bila kumwondolea hata kipindi kimoja cha darasani.

Masharti ya namna hiyo yamezagaa kwa wafadhili wengi, na chimbuko lake ni hofu ya kwamba msanii akipewa fedha za kujikimu atazila bure. Naielewa hofu hiyo, kwa sababu fedha za umma ni amana. Lakini hebu tazameni fedha zilizotolewa bila hofu hiyo zimewafikia nani. Tavares Strachan, mzaliwa wa Nassau, ambaye mwaka 2013 aliiwakilisha Bahama katika banda lake la kwanza la kitaifa kwenye maonyesho ya Venice, alipewa tuzo ya MacArthur mwaka 2022. Ebony G. Patterson, mzaliwa wa Kingston, aliipata mwaka 2024. Tuzo hiyo ni dola 800,000 zinazolipwa kidogo kidogo kwa miaka mitano, na mpokeaji haulizwi amezitumiaje. Nawapongeza wote wawili kwa moyo mkunjufu. Ila tuzo hiyo hutolewa kwa raia au wakazi wa Marekani tu. Maana yake ni kwamba mtoto wa Karibi anaweza kuaminiwa kwa fedha isiyo na masharti, mradi awe kwanza amehamishia maisha yake, walau kwa sehemu, katika nchi ya watu wengine. Siamini kwamba mnaridhika na hali hiyo.

Wala halikuwa hivyo siku zote. Wifredo Lam alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Sagua la Grande, Kuba, baba yake akiwa Mchina na mama yake akiwa na asili ya Kongo. Mwaka 1923 aliondoka kwenda kusoma Madrid, na sehemu ya fedha za kumwezesha ilitoka kwa halmashauri ya mji wake mdogo. Madiwani wale hawakuwa na mpango mkakati wa uchumi wa ubunifu. Walimwona kijana anayejua kuchora, wakamchangia aende akajifunze. Miaka 20 baadaye, akiwa amerudi Havana, Lam alimaliza La Jungla, mchoro wenye urefu na upana wa zaidi ya mita mbili, alioufanya juu ya karatasi, na mwaka 1945 MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, likaununua. Mchoro huo uko New York hadi leo. Nautaja kwa sababu mbili: unaonyesha kwamba chombo kidogo cha umma katika Karibi kiliwahi kumlipia msanii muda wa kujifunza na kukua, na unaonyesha pia nani huvuna pale ambapo aliyepanda hana fedha za kuendelea.

Nikija kwenu mlio Bridgetown, naanza na mikopo. Mwaka 2024 Afreximbank ilitangaza kwamba itatenga dola bilioni 2 kwa ajili ya sekta za ubunifu za Afrika na wenzao wa asili ya Afrika walioko ng'ambo. Ni kiasi kikubwa, na nafurahi kwamba benki ya Afrika imekitamka. Hata hivyo fedha hizo kwa sehemu kubwa ni za mikopo na uwekezaji, na mikopo huenda kwa mwenye mzunguko wa biashara: mtayarishaji wa filamu mwenye mkataba wa kuuza, mwanamitindo mwenye oda, mwandaaji wa tamasha mwenye tiketi. Mchongaji wa Roseau, Dominica, au Castries, Saint Lucia, anayetumia miezi minane kwenye kazi tatu, ambazo pengine zitanunuliwa na pengine hazitanunuliwa, hana dhamana ya kuweka wala marejesho ya kuahidi, na kumkopesha ni kumtia kitanzini. Sisemi hivyo kwa kudharau mikopo. Hapa kwetu pia, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umewakopesha wasanii, na wako waliofaidika. Lakini kwa mchoraji anayejaribu jambo ambalo halijawahi kujaribiwa, chombo kinachofaa ni ruzuku, na ruzuku isionwe kama mkopo ulioshindwa kukua.

Benki ya Maendeleo ya Karibi inalifahamu hilo. Mwaka 2017 ilianzisha mfuko wake wa ubunifu wa tasnia za utamaduni, CIIF, kwa mtaji wa dola milioni 2.6, na mfuko huo hutoa ruzuku. Nauheshimu uamuzi ule. Ninachoomba ni mfuko huo uwe na dirisha la wasanii wa sanaa za kisasa ambalo halitamtaka mwombaji athibitishe kwamba ni mfanyabiashara. Chukueni wasanii 100 kwa mwaka, kila mmoja dola 1,000 kwa mwezi kwa miezi 12. Jumla yake ni dola milioni 1.2, pungufu ya nusu ya mtaji ule wa mwanzo. Kwa dola 1,000 kwa mwezi mwalimu wa sekondari anaweza kuomba nusu ya vipindi vyake apewe mwingine, na kijana aliyemaliza chuo cha sanaa cha Edna Manley mjini Kingston anaweza kupanga chumba cha kufanyia kazi badala ya kuhesabu siku za viza. Mwisho wa mwaka aonyeshe kazi alizofanya na aeleze amejifunza nini. Hilo litoshe kama taarifa.

Baada ya msanii mmoja mmoja kuna vyumba, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Sanaa za kisasa za Karibi kwa miaka 20 iliyopita hazikubebwa na majumba makubwa peke yake, ingawa Jumba la Taifa la Sanaa la Jamaika lililoanzishwa 1974 na lile la Bahama lililofunguliwa 2003 yamefanya kazi ya kupigiwa mfano. Zimebebwa na wasanii waliofungua nyua zao. Alice Yard ilianza Port of Spain mwaka 2006 katika ua wa nyumba ya ukoo, mtaa wa Woodbrook, chini ya mbunifu majengo Sean Leonard, msanii Christopher Cozier na mwandishi Nicholas Laughlin. Fresh Milk ilianzishwa mwaka 2011 na Annalee Davis kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Saint George, Barbados, shamba ambalo zamani lilikuwa la miwa na watumwa; msanii mgeni hukaa pale, hufanya kazi, na jioni huketi na wenyeji kuzungumza. NLS, kituo kingine cha wasanii, ilianzishwa Kingston mwaka 2012 na Deborah Anzinger. Ukiongeza Instituto Buena Bista ya Curaçao na Ateliers '89 ya Aruba, umetaja sehemu kubwa ya mahali ambapo kizazi kizima cha wasanii kilipata nafasi ya kwanza ya kukosea mbele ya watu wanaoelewa.

Mwaka 2022 nilikwenda Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa za kisasa. Ili kuingia ukumbi mmoja ilibidi upite kwenye njia ya mabati yenye kutu iliyojengwa na Wajukuu Art Project, vijana wa mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi, ambao mwaka huohuo walipewa tuzo ya Arnold Bode. Alice Yard nao walialikwa. Na upande wa pili wa mji, ndani ya kanisa la Mtakatifu Kunigundis, walikuwapo Atis Rezistans, wachongaji wa Grand Rue, Port-au-Prince, waliojaza kanisa kwa watu waliochongwa kwa mbao, matairi, vipuri vya magari na mafuvu. Nilimwona mzee mmoja Mjerumani amevua kofia na kukaa kwenye benchi la kanisa kwa muda mrefu, akitazama sanamu iliyosukwa kwa springi za godoro. Vikundi hivyo vitatu havikuwahi kupata fedha za uhakika nyumbani kwao za kuviwezesha kupanga hata mwaka unaofuata. Dunia iliviita kwa sababu ya walichokijenga kwa jasho lao, na maonyesho yalipofungwa vilirudi kwenye kodi ya pango ileile na bili ya umeme ileile.

Mnajua pia kinachotokea jasho linapokwisha. Trinidad ilikuwa na kituo cha sanaa cha CCA7, huko Laventille, ambacho mwaka 2000 kiliwaalika Peter Doig na Chris Ofili, wachoraji ambao baadaye wote wawili walihamia kisiwani humo. Kilifungwa mwaka 2007. Kituo kinachofungwa hakiondoki na majengo tu. Huondoka na watu wanaojua kufungasha mchoro usiharibike, kuandika barua ya mwaliko, kupanga taa na kumsikiliza msanii chipukizi bila kumvunja moyo, na kuwakusanya watu hao tena huchukua miaka mingi. Naomba basi vituo vidogo vipewe fedha za uendeshaji kwa miaka mitatu mfululizo, yaani kodi, mishahara ya watu wawili, umeme na intaneti, badala ya fedha za mradi mmoja unaomalizika kabla wino wa katalogi haujakauka.

Wapo watakaosema Karibi imekwisha kupata ruzuku za namna hii. Ni kweli, imewahi. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga mipaka, shirika la Kingston Creative la Jamaika na Fresh Milk walibuni mpango wa Catapult, uliofadhiliwa na Open Society Foundations kupitia American Friends of Jamaica, na dola 320,000 zikawafikia wasanii na wabunifu zaidi ya 1,000. Ulikuwa mpango wa haraka, mwepesi na wenye heshima, na ulithibitisha kwamba taasisi ndogo za Karibi zinaweza kusambaza fedha katika visiwa vingi bila urasimu wa kuchosha. Kisha ukaisha, kama fedha za dharura zinavyoisha. Hakuna serikali iliyouchukua na kuuendeleza kama mpango wa kudumu wa ukanda mzima, ingawa njia ilikwisha kuchongwa na majina ya wasanii yalikwisha kukusanywa.

Kuna dhuluma nyingine isiyozungumzwa vya kutosha, nayo ni ya mipaka. Ukisimama kilele cha Pigeon Island, kaskazini mwa Saint Lucia, siku ya anga safi unaiona Martinique. Msanii wa Martinique anaweza kubisha hodi kwa idara ya utamaduni ya dola ya Ufaransa iliyopo kisiwani kwake. Msanii wa Curaçao au Aruba anaweza kuomba kwa Mondriaan Fonds, mfuko wa umma ulioko Amsterdam. Wa Saint Lucia, kwa kuwa nchi yake ni huru, hana wa kumbishia hodi nje ya bajeti ya wizara ndogo yenye mambo mengi. Uhuru usiwe sababu ya msanii kukosa karatasi. Curaçao ilipata uanachama mshirika wa CARICOM mwaka 2024, na Februari 2025 Martinique ilitia saini makubaliano ya kuwa mwanachama mshirika. Sasa mnakaa meza moja, na hapo ndipo pa kuanzisha mfuko ambao msanii wa kisiwa kimoja atalipwa kwenda kufanya kazi kisiwa cha pili, pamoja na nauli yake, ambayo mara nyingi huwa kubwa kupita kiasi kwa sababu safari kati ya visiwa hulazimika kuzunguka hadi Miami.

Kuhusu vimbunga nitasema kwa ufupi, kwa kuwa nyinyi mnavijua kuliko mimi. Tarehe 1 Julai 2024 Beryl kilipiga Carriacou. Tarehe 28 Oktoba 2025 Melissa kikatua magharibi mwa Jamaika kikiwa cha daraja la tano. Karibi ilikwisha kuunda chombo cha kusifika cha bima ya majanga, CCRIF, tangu 2007, ambacho huzilipa serikali ndani ya siku 14, na Grenada ilipokea takriban dola milioni 44 baada ya Beryl. Nani anamlipa mchoraji ambaye paa la karakana lake limeng'oka na kazi za miaka 15 zimeloa? Sehemu ndogo sana ya fedha hizo, ikiwekwa kando kwa sheria kwa ajili ya karakana na makusanyo ya sanaa na kulipwa kwa kasi ileile, ingeokoa vitu visivyoweza kununuliwa tena. Haiti inakumbuka jinsi jengo la Centre d'Art, kituo kilichoanzishwa 1944, lilivyoporomoka katika tetemeko la Januari 12, 2010, na maelfu ya kazi zikafukuliwa kwa mikono kutoka kwenye kifusi.

Fomu nazo zirekebishwe. Mchongaji wa Grand Rue anazungumza Kikrioli cha Haiti, wa Willemstad, Curaçao, Kipapiamento, wa Santo Domingo Kihispania. Wote wakilazimishwa kuandika kurasa 20 za Kiingereza cha wafadhili, atakayeshinda ni yule mwenye rafiki anayejua lugha ya maandiko. Ruhusuni mwombaji ajieleze kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu, kwa lugha yake, pamoja na picha 10 za kazi zake. Waamuzi wawe wasanii na waandaaji wa maonyesho wa Karibi yenyewe, wabadilishwe kila mwaka, na majina ya waliopata yatangazwe hadharani pamoja na kiasi walichopewa, ili asiwepo wa kudai kwamba fedha zimegawanywa kwa kujuana.

Najua mtaniambia kuhusu madeni, hospitali na barabara. Simwombi waziri yeyote achukue fedha za dawa. Lakini serikali zenu tayari hugharamia sanaa, na hugharamia kwa fedha nyingi, pale inapokuwa sherehe. CARIFESTA, tamasha la sanaa la nchi za Karibi, ilianza Guyana mwaka 1972, na ya 15 ilifanyika Barbados Agosti 2025 kwa siku 10 za fahari iliyostahili. Naipenda CARIFESTA, na kanivali ya Trinidad naihesabu miongoni mwa sanaa kubwa za dunia. Ninachoomba ni kwamba pamoja na siku 10 za maonyesho, zilipiwe pia siku zinazotangulia, ambazo msanii yuko peke yake na kazi haijulikani itakuwa nini.

Basi naomba suala la mfuko huu wa kudumu wa ruzuku liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho kitakachohusu utamaduni cha COHSOD, baraza la mawaziri wa CARICOM la maendeleo ya watu na jamii. Kwamba Benki ya Maendeleo ya Karibi iandae makadirio ya dirisha la wasanii 100 na la vituo vidogo. Na kwamba Afreximbank ieleze hadharani ni asilimia ngapi ya zile dola bilioni 2 itakayotolewa kama ruzuku, kwa Karibi na kwa Afrika pia, kwa sababu wachoraji wa Kariakoo na Mukuru wanalingoja jibu hilohilo. Niko tayari kutoa maelezo zaidi, na kuwasilisha kwa faragha mifano ya bajeti tulizozisoma, majina yakiwa yameondolewa.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika kazi ya sanaa,

Mwandishi wa masuala ya sanaa,
Dar es Salaam